Mtani Aliponisalimia kwa Adabu

Nakumbuka asubuhi ile Bi Mwamvua aliponisalimia kwa adabu. Mwanangu, hofu ilinishika mpaka nikaitua ndoo ya maji chini.

"Habari za asubuhi, bibie," aliniambia. "Umeamkaje? Bwana hajambo?"

Wewe mtoto wa siku hizi utaniuliza, ubaya uko wapi hapo? Mtu kakujulia hali, unaogopa nini? Tulia nikueleze. Bi Mwamvua alikuwa Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo ya watu kutoka hapa Tabora mpaka Pwani. Walifika kule wamechoka, wengine wakafia huko huko, Wazaramo wakawazika, na katika kuzikana huko utani ukashika mizizi. Babu yake Bi Mwamvua alifuatana na msafara mmoja uliokuwa unarudi bara, akaoa huku, akajenga katika mtaa wa Mtendeni, na kwao hakurudi tena.

Kwa hiyo tangu nilipoolewa katika mtaa ule sikuwahi kusikia neno la heshima kutoka kinywani mwake. Nikitoka tu mlangoni ataniambia, "We Mnyamwezi, leo huna mzigo kichwani, si utaanguka?" Nami, ingawa alikuwa na umri wa mama yangu, nilimjibu, "Shikamoo, mla nazi. Nyumba yako ikianguka utaichezea ngoma yenu ya mdundiko." Atacheka huyo mpaka ashike mbavu. Hizo ndizo zilikuwa salamu zetu. Mtani akikutukana, mko salama. Mtani akikusalimia kama mgeni, ujue amekutoa moyoni.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja hapa na ramani ya ghorofa yako, ukaniuliza kama kuna haja ya kukata ile bima ya kulipia hasara za majirani wakati wa ujenzi, au ni kutupa hela tu. Nilikujibu ukate, ukaondoka umeridhika. Lakini nilikupa nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo hii, na inaanzia kwa Bi Mwamvua.

Mume wangu Maganga, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mwashi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, Azimio la Arusha limekwisha kutangazwa, na kila mtaa ulitaka duka lake la ushirika ili sukari na kanga zisishikwe na watu wachache. Kati ya nyumba yetu na nyumba ya Bi Mwamvua palikuwa na kiwanja kitupu. Ushirika wakapewa kiwanja kile, na Maganga akapewa kazi ya kujenga. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Kabla ya hapo alikuwa akijenga vyoo na kuziba nyufa za watu.

Katibu wa ushirika, Bwana Seif, alikuwa mtu nadhifu, mwema, na mwoga wa karatasi kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Alisema jengo la umma halijengwi bila bima. Basi siku moja akaja kijana kutoka ofisi ya bima, kavaa shati la kitenge, akatukusanya barazani kwetu na kutueleza. Mkijenga, alisema, mkaharibu kitu cha jirani kwa bahati mbaya, sisi tutamlipa jirani badala yenu.

Mama mkwe wangu, Nyamizi, alikuwa akichambua mchele pale pembeni. Akamuuliza, "Na tusipoharibu kitu, baba, mnaturudishia hela yetu?"

"Hapana, mama."

"Basi mna kazi nzuri sana."

Watu wakacheka, hata yule kijana akacheka. Kisha akayasoma masharti harakaharaka, kama imamu mwenye safari, na moja kati ya hayo Bwana Seif akalidaka na kulihifadhi: mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo kwa mtu yeyote mpaka ofisi imruhusu. Sisi wengine hatukulitilia maanani. Nani anapanga kukosa?

Sasa nikuambie kuhusu nyumba ya Bi Mwamvua. Ilikuwa ya udongo, kuta nene za kizamani alizozijenga babu yake, hazina msingi wa mawe chini yake. Zilisimama kwa uzito wao wenyewe tu. Chumba kilichopakana na kiwanja ndicho alichowekea asali. Alikuwa akinunua asali kutoka kwa watu wa vijijini, anaikamua na kuiuza kwa chupa. Hakuwa na mume tena, mtoto hakujaliwa, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na nyumba ile na asali ile.

Fundi yeyote wa hapa anajua kwamba kando ya ukuta kama ule huchimbi msingi wote kwa mara moja. Unachimba kipande kifupi, unajaza mawe na saruji, kikishika ndipo unafungua kingine. Maganga alilijua hilo, alifundishwa. Lakini wakubwa wa mkoa walikuwa waje kufungua duka, na ushirika wakaitisha kazi ya kujitolea. Mtaa mzima ulitoka na majembe, nyimbo juu, wanawake tukibeba udongo kwa karai. Ilikuwa raha, sikufichi. Mikono ilikuwa mingi mno na mfereji wa msingi ukakimbia kuliko fundi mwenyewe. Maganga alipogeuka, upande wote wa Bi Mwamvua ulikuwa wazi, toka mwanzo hadi mwisho, tena chini kuliko sakafu yake. Angeweza kusema tusimame, turudishe udongo. Aliwatazama watu wanavyoimba, akaona haya. Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, na kila siku tunaharakisha.

Kesho yake mchana ukuta ukapasuka. Ulitoa mlio kama kanga mpya inapochanwa, vumbi likatoka, na ufa ukashuka kutoka darini hadi chini. Ufa mpana, mkono unapita. Hakuna aliyeumia. Mitungi miwili ilianguka ndani na asali ikawa inatiririka polepole kwenye ufa, inaingia mferejini kwetu.

Bi Mwamvua akatoka, akasimama mlangoni na upawa wake mkononi. Akautazama ukuta, kisha akatutazama sisi. Hakupiga kelele. Alikuwa anangoja, na kila mtu pale alijua anangoja nini.

Maganga akaruka mfereji kumwendea. Nilimwona usoni, alikuwa karibu kulia. Bwana Seif akamwahi, akamshika shati mgongoni. "Fundi! Sharti! Ukikiri tu, bima hailipi."

Mume wangu akasimama. Alikuwa karibu na yule mama, angenyoosha mkono angemgusa. Akageuka, akarudi, akawaambia watu waokote majembe yao. Bi Mwamvua akaingia ndani.

Jioni Maganga alinikataza nisiende kule. Usimhukumu upesi, mwanangu. Aliniambia, "Tausi, ukisema neno moja la kukubali kosa, ukuta ule nitaulipa mimi. Nitauza baiskeli, nitauza vyombo vya kazi, na bado hautalipika. Bima ikilipa, yeye atapata ukuta mzuri kuliko wa babu yake. Kunyamaza kwetu ndiko kutamsaidia." Maneno yale yalikuwa na akili. Niliyakubali, nami nikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata ndipo Bi Mwamvua aliponisalimia kwa adabu.

Akaendelea hivyo. Habari za asubuhi, habari za mchana, poleni na kazi. Mafundi nao aliwasalimia vivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka wakawa wanaona tabu kufika kazini. Alijinunulia nguzo moja sokoni, akaiegemeza kwenye ukuta kwa mikono yake, na wanaume wenye nguvu walikuwa wamesimama upande wa pili wa mfereji wakiangalia miguu yao. Walimwogopa Katibu, na Katibu aliogopa lile sharti. Mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa mashariki. Kila mtu Tabora anajua nyumba ya udongo yenye ufa inavyokuwa mvua za kwanza zikiikuta. Haianguki tu, inayeyuka. Na usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mama hakuwa na uwezo wa kuziba wala wa kujenga.

Kijana wa bima akaja, akapima ufa, akatazama mfereji, akatikisa kichwa. Hakumlaumu mtu. Alisema jambo liko wazi na ofisi italipa, kinachotakiwa ni mwenye nyumba mwenyewe aseme kwamba anadai. Wakaenda kwa Bi Mwamvua, nami nikawafuata kwa nyuma.

Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti. Kijana akamweleza. Bi Mwamvua akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimdai nani, mwanangu? Mimi sijakosewa."

"Mama, ukuta huu si umepasuliwa na msingi wa hawa?"

"Hakuna aliyekuja kuniambia hivyo. Mwenye kumkosea mwenziwe huja akasema. Hawa ni majirani zangu, waungwana, wangekuwa wamenikosea wangekuja. Basi ukuta umejipasukia wenyewe, ni mzee." Akamtazama Maganga. "Si ndiyo, Bwana Maganga?"

Bwana Maganga! Hajawahi kumwita hivyo tangu kuzaliwa. Mume wangu alifungua kinywa, akamtazama Katibu, akakifunga.

Kijana wa bima alijaribu kila njia. Bi Mwamvua hakubadilika. Mwisho kijana akasema, asiyedai halipwi, mikono yangu imefungwa, akaenda zake. Ndivyo mambo yalivyokuwa, mwanangu: hela ipo, mlipaji yuko tayari, mawingu yanasogea, na nyumba ya mjane inangoja kuyeyuka kwa sababu ya neno moja ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni.

Mama mkwe wangu siku hizo hakuwapo. Alikuwa amekwenda Choma, kule Igunga, kwa binti yake aliyejifungua. Alirudi wakati joto la kabla ya mvua limekuwa kali, kajitwika kikapu na kuku wawili ndani yake. Kabla hajafika mlangoni kwetu akakutana na Bi Mwamvua, na Bi Mwamvua akamwambia, "Karibu, mama. Pole na safari."

Nyamizi akakitua kikapu pale pale njiani. Walikuwa wakitukanana tangu usichana wao, wale wawili. Akautazama ukuta na ile nguzo moja. Aliingia ndani, akamwita mwanawe, na Maganga akamweleza yote, bima na sharti na hofu yake. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza maswali yake.

"Hiyo bima, mimi niliikata?"

"Hapana, mama."

"Jina langu limo humo?"

"Halimo."

"Basi mdomo wangu haukukatiwa bima. Wewe kaa hapa na sharti lako." Akasimama, akajifunga kanga vizuri, na alipofika kizingitini akamgeukia tena. "Na hiyo karatasi, Maganga, ilikukataza kusema. Ilikukataza kushika nguzo?"

Mimi alinishika mkono akanivuta.

Bi Mwamvua alitaka kututandikia mkeka. Nyamizi akaukataa, akaketi kwenye sakafu tupu, palepale ilipomwagikia asali, na palikuwa bado pananata. Akasema, "Mwamvua, tumekukosea. Mwanangu kachimba vibaya akaharibu ukuta wa babu yako. Kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ni kubaya kuliko shimo. Kama kuna adabu yoyote unataka kututia, tutie. Mimi nimekuja na kuku wawili na uso wangu huu."

Niliona machozi yanamtoka Bi Mwamvua, hayafuti. Kisha akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mmechelewa. Wanyamwezi nyie, hata samahani mnaibeba kichwani kama gunia. Mlipumzika kambi gani njiani?"

Nyamizi akapiga kofi sakafuni akacheka. Mimi nilijificha uso kwenye kanga nikalia kama mtoto. Sijui kama umewahi kutukanwa ukasikia mwili mzima umepona.

Alasiri ile ile wanaume walivuka mfereji. Hakuna aliyewaita, Nyamizi alisimama tu uani akawatazama. Waliusimamisha ukuta kwa nguzo nene, wakajaza mawe kwenye msingi kipande kwa kipande, wakafunika ufa kwa turubai. Bi Mwamvua naye akakubali kudai. Kijana wa bima aliporudi, Maganga alimuuliza kwa hofu kama maneno ya mama yake yameharibu mambo. Yule kijana akashangaa. Mama si mteja wetu, alisema, na hata wewe, sharti lilikuzuia kuahidi malipo na kubeba kosa kabla hatujachunguza. Hakuna mahali palipokuzuia kumwambia mwenzio pole au kumwegemezea nguzo. "Mngeniuliza," alisema. Kuuliza si ujinga, lakini Bwana Seif alikuwa amekwisha kulielewa sharti lile kwa niaba yetu sote.

Mvua ya kwanza ilinyesha kabla malipo hayajatoka. Kona moja ya juu ilimeguka, nguzo zikashika sehemu iliyobaki. Baadaye bima walilipa, na ukuta ukajengwa kwa matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe. Asali iliyomwagika hawakuilipa. Nafikiri hakuna aliyekumbuka kuidai.

Ukuta ulipokwisha Maganga akavaa kanzu, akaenda mwenyewe kuomba radhi. Bi Mwamvua alimsikiliza. Akamuuliza, "Sasa ndiyo umeruhusiwa?" Akampa chai, akamshukuru kwa kazi nzuri, na tangu siku hiyo akaendelea kumwita Bwana Maganga. Mimi alinirudishia matusi yangu yote, na ya nyongeza. Nyamizi vilevile. Maganga hapana. Miaka ilipita, Maganga akajenga nyumba nyingi za mji huu, akasifiwa, na kila asubuhi akipita mlango ule anasalimiwa kwa heshima. Hakuwahi kuniambia kwamba inamuuma. Ila nilimwona anavyozunguka nyuma ya duka ili asipite pale.

Kisha Nyamizi akafariki. Jeneza lilipoinuliwa kutoka nyumbani kwetu, wanaume wamejipanga, wanawake tunalia, Bi Mwamvua akatokea, mzee sana sasa, na fimbo. Akajilaza kizingitini, akaziba mlango.

"Huyu hatoki!" akapiga kelele. "Hatoki mpaka nilipwe ukuta wangu! We Mnyamwezi!" Alikuwa anamnyooshea Maganga fimbo. "Wewe, mbeba mizigo! Leo umebeba mzigo wa mama yako unataka kunipita? Nilipe!"

Ni desturi ya watani msibani, kila mtu anaijua, na watu walianza kucheka katikati ya kilio. Lakini mume wangu aliachia jeneza kwa wenzake, akapiga magoti mbele ya yule bibi. Alitoa hela yote iliyokuwa mfukoni, akaimwaga kwenye kanga yake. Alikuwa anacheka na machozi yanaanguka, akarudia mara nyingi, "Nisamehe, mla nazi. Nisamehe, mla nazi."

"Nyanyuka," akamwambia. "Kamzike mama, mjinga wewe."

Basi, mwanangu, bima kata. Kata kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, maana ajali haina kinga, na jirani yako hastahili kulala nje kwa sababu wewe unataka ghorofa. Yasome masharti, usilolielewa uliza ofisini, usimwachie mwingine akuelewee. Kabla ya kuchimba, mwite yule jirani muuzunguke ukuta wake pamoja, auone nawe uuone. Chimba kipande kwa kipande, hata watu wakiimba. Na ukikosea, malipo yaachie bima, lakini nguzo ushike siku hiyo hiyo, na pole uipeleke mwenyewe kwa miguu yako. Bima hujenga ukuta. Haiwezi kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kuketi sakafuni.

Nenda. Mungu akusimamishie nyumba isiyomwegemea mtu, na akupe jirani wa kukutukana kila asubuhi. Amina.